Mashine ya Wageni

Usinikunjie pua, wewe uliyekaa karibu na dirisha. Mfano wenyewe sijauanza, na tayari unatikisa kichwa. Unasema moyoni, bibi huyu mambo ya mashine za gemu ameyajulia wapi? Mbona habari za mbinguni nakusimulia kila Jumapili na hujawahi kuniuliza kama nilishafika? Tulia. Kama huamini, nyamaza wenzako wasikie.

Kulikuwa na mama mmoja mshonaji. Mumewe alitengeneza baiskeli, na walikuwa na binti mmoja tu. Binti huyo akitoka shule alikuwa harudi nyumbani. Alipitia banda la gemu ng'ambo ya barabara, wanakokaa watoto kwenye benchi mbele ya runinga, na anayefungwa anamwachia mwenzake pedi, kile kidude cha kushika mkononi na kubonyeza. Giza likiingia ndipo anarudi, nguo zinanuka sigara za watu wazima, anakula kimya, analala. Mama akaingiwa na hofu. Aliona mtoto anamtoka taratibu, kama kitambaa cha hariri kinavyoteleza mezani bila mtu kukivuta.

Akamwambia mumewe, "Tumnunulie mashine yake. Achezee hapa, nimwone."

"Bei yake unaijua? Au unadhani inauzwa kwa mita, kama vitenge vyako?"

"Tutajinyima."

Wakajinyima kweli. Nyama ikawa ya sikukuu, chai ikawa ya rangi.

Siku waliyokwenda dukani mvua ilikuwa inanyunya. Mle ndani mlikuwa na mwanga wa buluu, si wa mchana si wa usiku, na sauti za barabarani zilifia mlangoni. Mama akajiona kama anatembea chini ya maji. Muuzaji akawasha mashine ya kwanza, mpya, kubwa, nyeupe.

"Hii ndiyo yenyewe, mama. Inataka intaneti ya nguvu tu."

Mama akatazama kioo, na hakuona gemu. Aliona sebule yake. Binti amempa mgongo, anacheka na watu walio mbali, watu ambao mama hatawajua majina yao mpaka anakufa.

"Zima," akasema.

Muuzaji akatoa nyingine, ndogo, ya kushika mkononi, bei yake nafuu. "Hii anakwenda nayo popote."

Mama akaona shuka usiku, na chini ya shuka mwanga kama wa kimulimuli. Mwanga ule ukawa unaenda mbali, na kitanda kinakuwa kirefu, kirefu, hata usionekane tena.

"Zima na hiyo."

Ikabaki ya mtumba, imechubuka pembeni, ina pedi mbili. Mama akaona mkeka. Binti amekaa, pedi moja mkononi. Ya pili ipo mkekani, haina mtu.

"Hii hapa."

"Lakini mama, hiyo ya zamani, watoto wa siku hizi..."

"Mwanangu, nimekuja kununua mashine. Maneno ninayo ya kutosha nyumbani."

Mumewe akamnong'oneza, "Mbona umeing'ang'ania hiyo?"

"Ina mahali pangu pa kukaa."

Haya, nawaona mnavyotabasamu. Mmeshalipata funzo: nunua kwa kiasi chako, usikimbilie kipya. Silo. Wale walichagua vizuri kuliko wengi wenu mlivyochagua waume. Kosa lilikuja walipofika nyumbani.

Mama aliifuta vumbi mashine ile, ikang'aa. Akaitazama. Ikianguka je? Soda ikimwagikia je? Akachukua kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake, akaifunika, akaiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni. Mnalijua kabati hilo. Nani hapa hana? Mna sahani mle hazijawahi kuonja wali wa mwenye nyumba.

"Mama, nicheze?"

"Subiri wageni waje. Mtacheza nao."

Wageni wakaja. Watoto wao wakakaa kitini, wakacheza mpaka wakachoka, na binti akawapitishia soda kwenye sinia. Wakaondoka. Kitambaa kikarudi mahali pake.

Basi jioni binti akawa anakaa mbele ya runinga iliyozimwa. Mikono mitupu, vidole gumba vinabonyeza hewa. Anakwepa, anaruka, anashinda, anacheka peke yake. Mama akipita na nguo za watu begani alikuwa anasikia, kama vile kutoka chumba ambacho nyumba ile haina, muziki mwembamba sana. Alisimama mlangoni akajiona kwenye kile kioo cheusi, kivuli nyuma ya mtoto. Hakukaa. Siku moja akapita, akakuta pale chini pametulia, hakuna mtu. Binti amerudi bandani.

Alasiri moja ya Jumamosi pakabishwa hodi mlango wa mbele. Watu wa nyumba ile hupitia mlango wa uani. Wa mbele ni wa wageni. Mama akafungua. Ni binti yake, amevaa gauni la Krismasi, nywele amechana, viatu ameshavua.

"We mtoto, una wazimu? Zunguka uani!"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuwatembelea."

Mama akacheka. Nani asingecheka? "Marahaba, mgeni. Karibu ndani. Habari za huko utokako?"

"Njema. Wanawasalimu."

Akaketi kiti cha wageni, magoti pamoja, mikono mapajani. Baba akaja kuchungulia na spana yake, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Ila ujue," mama akasema, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Jembe nimeshalishika humu, mama. Leo nipeni zile siku mbili."

Kabati likafunguliwa. Mashine ikawashwa, soda ikaletwa kwenye sinia. Na mama, kwa mara ya kwanza, akakaa mkekani, akashika pedi ya pili. Akafungwa, akafungwa tena, akapiga kelele kama msichana. Chumba kile kikaelea. Mvua ingenyesha ndani asingejua.

"Kesho nakulipizia!" akasema.

Binti akatazama jua mlangoni. "Kesho? Mgeni halali kwa watu. Naomba niage, mama. Kwetu watanitafuta."

"Kwenu wapi?"

Ndugu zangu, swali hilo linatuhusu sisi. Sauti ya upole tunamtunzia mchungaji. Kicheko kizuri tunakipeleka harusini. Mume anapewa makombo ya maneno, mtoto anapewa "subiri." Halafu tunakuja hapa kulia, Mungu, nirudishie mwanangu nyumbani. Akurudishie wapi? Nyumba umeifanya ya wapita njia, na mwenye nyumba ndiye mtumishi wao! Anachokupa Mungu hakupi ukifunike kitambaa. Vikombe na vivunjike. Kikombe kilichovunjika mkononi mwa mwanao kimekufa kazini, na kile kizima cha kabatini hakijawahi kuishi. Upendo nao ni vivyo hivyo, na usiniangalie hivyo, wewe wa dirishani, nakusema wewe na najisema mimi.

Mnataka kujua binti alijibu nini. Aliiweka pedi chini polepole, akashukuru kwa soda, akavaa viatu vyake. Akatoka kwa mlango wa mbele, akaufunga.