Masale ya Uwanda wa Mrindo

"Apimaye kiangazi hajapima." Mmeisikia leo kwa mwenyekiti, alipomwambia yule fundi wa daraja arudi kuupima mto mwezi wa nne, nanyi mkacheka mkidhani ni ukaidi wa wazee. Si ukaidi. Methali hii ni yetu, imezaliwa hapa hapa Mrindo, na aliyeizaa ni mwanamke. Ilianza hivi.

Nakunda alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ya kwanza chini ya uwanda wa majani uliokuwa mali ya ukoo wa Mzirai. Elinazi Mzirai, aliyekuwa amekaa mjini miaka mingi, alirudi mwezi wa tisa na mpimaji, wakaukata uwanda ule viwanja arobaini vya nyumba. Vigingi vilipakwa rangi nyekundu, vikasimama wima safu kwa safu. Kusema kweli, vilipendeza.

Majirani hawakupendezwa. Huyu alilalamikia malisho, yule vumbi la malori, mwingine wageni wasiojulikana kwao ni wapi. Nakunda alikuwa na hofu moja tu. Wakati wa masika maji yote ya mlimani hushukia uwandani, yakakaa hata siku kumi, ardhi ikayanywa polepole. Pale pakijazwa kifusi na nyumba, maji yangetafuta pengine pa kulala, na pengine penyewe ni kitandani kwake na kwa majirani zake.

Tena kulikuwa na masale. Mnajua masale, ile mimea ya majani marefu, hupandwa mipakani mwa mashamba. Mtoto wa Kipare hafundishwi hilo. Lakini yale ya uwandani hayakuwa mpaka wa mtu. Kila masika, wanawake waliotoka kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mfereji, waliyapanda pale maji yalipoishia. Nakunda alifundishwa na mama mkwe wake. Elinazi, aliyeondoka mdogo, aliyaona akasema, "Huu ndio mpaka wa babu," na mpimaji akavipanga viwanja vyote ndani yake, bila kupoteza hata hatua moja.

Siku ya mkutano wa kijiji watu walisema mpaka sauti zikawakauka. Elinazi aliwajibu kwa adabu, ramani mkononi, na kila hofu ilikuwa na jibu lake. Mwishowe Nakunda akasimama, akaikaza kanga yake.

"Mwanangu Elinazi, sikukatazi ardhi ya baba yako. Umepima lini?"

"Mwezi wa tisa, mama. Na mpimaji ni msomi, hakukosea."

"Sijasema amekosea. Nasema hajamaliza. Njooni mpime tena mwezi wa nne, na kabla ya hapo usiuze hata kimoja. Viwanja vikisimama, mimi mwenyewe nitawapikia wajenzi wako makande."

"Na visiposimama?"

"Utaniambia wewe."

Watu wakacheka, na Elinazi akakubali. Mbele ya kijiji kizima angekataaje mtihani aliosema ameshaushinda? Ila majirani walimnung'unikia Nakunda. Walitaka amfukuze mtu, naye amemwekea miadi. Mwezi wa tatu ukaisha bila tone. Kila asubuhi Nakunda aliutazama mlima, asimwambie mtu hofu yake.

Mvua ilianguka tarehe sita. Siku ya nne yake Elinazi akaja na mpimaji, ramani imefungwa kwenye nailoni, wakakuta kijiji kizima kimesimama kando ya masale. Uwanda haukuwepo. Palikuwa na maji matulivu, na vichwa vyekundu vya vigingi vichache. Elinazi akavua viatu, akaingia kukitafuta kiwanja alichokusudia kujenga nyumba yake mwenyewe. Alikipata maji yakiwa kiunoni.

Akageuka kutazama alikotoka. Maji yale yote yalikuwa yamekomea kwenye masale, hayakuvuka hata shubiri.

"Mama," akasema, "masale haya aliyapanda nani?"

"Sisi. Na bibi yako alikuwa mmoja wetu."

"Kumbe mlishapima."

"Miaka mingi, baba. Tena tukiwa tumelowa. Apimaye kiangazi hajapima."

Elinazi hakuona haya kuinamisha kichwa na kujicheka, na kwa hilo Mrindo inamheshimu mpaka leo. Alivihamishia viwanja kwenye mwinuko, vikapatikana kumi na tisa tu, na nusu yenu mmezaliwa katika nyumba hizo kavu. Nakunda aliwapikia wajenzi makande ingawa hakudaiwa. Yule mpimaji naye, kila alipoitwa kijiji kingine, aliuliza kwanza wanawake wa pale wanapanda nini, na wapi.

Kwa hiyo fundi wa daraja akirudi mwezi wa nne, msimcheke. Mshikieni kamba, mwingie naye mtoni, mlowe. Sisi ndivyo tunavyopima. Apimaye kiangazi hajapima.