Kindi, Fisi na Posa Iliyosomwa Mimbarini

Paukwa!
— Pakawa!
Nimesema paukwa. Aliye na karanga mdomoni ameze kwanza. Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Wewe ndiye ujuaye, bibi, sema!
Haya, nasema. Atakayesinzia asiniulize kesho.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na kanisa lao na mabenchi yao, palikuwa na Kindi. Mwili mdogo, mkia mkubwa. Kindi alikuwa mwandishi. Wala hakuandika mambo ya maana, kama bei ya mtama. Aliandika hadithi za wapendanao waliookoka.

Msicheke, ni kazi ngumu hiyo. Kijana anampenda binti, binti anampenda kijana, lakini hawashikani hata mkono mpaka kwaya iimbe siku ya harusi. Sasa kurasa zote hizo watafanya nini? Watatazamana juu ya kitabu cha nyimbo. Basi Kindi alikaa na majani yake ya mgomba, na kalamu ya mwiba aliyopewa na Mama Nungunungu, kwaru kwaru kwaru, anatafuta namna nyingine ya kusema "wakatazamana." Maharage jikoni yanaungua, chwiii! Kindi hasikii. Mchungaji Kobe anapita kukagua.

"Kindi mwanangu, hapa naona busu."

"Dogo tu, baba mchungaji. La shavuni."

"Toa busu, tia sala."

Kindi anatoa busu, anatia sala. Kwaru kwaru kwaru.

Desturi yao ilikuwa hadithi kusomwa mimbarini baada ya ibada, na kina mama kumpa mwenye hadithi kapu: mayai, karanga, pengine na kuku wa kukaanga. Lakini Kindi akisimama mimbarini, inaonekana ncha ya mkia tu. Hapo ndipo Fisi, mzee wa kanisa, alipojitolea.

"Sauti yako ndogo, binti. Lete nikusomee."

Fisi akasoma kwa sauti nzito. Kina mama wakalia machozi. Wakauliza, "Nani katunga maneno matamu hivi?"

Fisi akajifuta mdomo. "Ni mimi. Yalinishukia."

Kapu likaenda kwake. Ngwam, ngwam, ngwam, akatafuna mpaka ukili wa kapu lenyewe.

Kindi akamfuata nje. "Mzee, ile hadithi ni yangu!"

"Ni yako?" Fisi akacheka, akaonyesha meno yote, ya mbele mpaka ya nyuma. "Nenda kawaambie. Waambie mzee wa kanisa ni mwizi. Halafu tutakutana njiani, mimi na wewe. Na Jumapili ijayo lete nyingine."

Ikawa ndiyo hivyo. Kindi anaandika, kwaru kwaru kwaru. Fisi anasoma, kina mama wanalia. Kapu linaliwa, ngwam ngwam ngwam. Kindi anarudi nyumbani kwenye maharage yaliyoungua. Njaa alikwisha kuizoea, mwandishi gani haijui? Kilichomkera ni kuona kina mama wanamshika Fisi mkono: "Mzee, wewe unaujua moyo wa mwanamke!" Yule! Anayejua firigisi!

Kindi akawa anamchunguza. Akagundua jambo. Fisi haisomi hadithi kabla. Anaipokea mlangoni, anapanda nayo mimbarini, jicho moja kwenye jani, jicho la pili kwenye kapu. Kindi akamwendea, mpole kama maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ya Jumapili iko wapi?"

"Naiandika. Ila siku hizi watu wanapenda mwenye hadithi aseme 'mimi.' Mimi nilimpenda fulani, mimi nilikosa usingizi. Inaingia moyoni zaidi."

"Moyoni kuna faida gani?"

"Moyo ukijaa, mzee, kapu nalo linajaa."

"Tia 'mimi'!" akafoka Fisi. "Tia 'mimi' kila mahali!"

Sasa mjue, kwa wanyama wale mwanamume akitamka posa mbele ya kanisa, ameposa. Hakuna kurudi nyuma. Simba mmoja alitania tu, na mpaka leo anamtekea maji mama mkwe.

Jumapili ikafika. Kapu lilikuwa limefurika, na juu yake kichwa cha mbuzi cha kuchoma. Fisi akapanda mimbarini, mate tli tli tli, akasoma mbiombio ili aifikie Amina.

"'Mimi nimekuwa mpweke siku nyingi. Lakini kila Jumapili namtazama mjane mmoja, benchi la dirishani, mwenye kitambaa cha kijani...'"

Vichwa vikageuka, kru! Benchi la dirishani amekaa Mama Nungunungu, mjane, na kitambaa chake cha kijani. Fisi hakuona. Alikuwa analitazama sikio la mbuzi.

"'Kila mwiba wake ni sindano inayoushona moyo wangu. Mpendwa, mbele ya Mchungaji Kobe na kanisa hili, nakuomba uwe mke wangu. Na kila nyama nitakayoipata, kuanzia leo, ni ya mama yako. Amina.'"

"Amina!" likaitikia kanisa.

Lilililili! Kina mama wakaruka mabenchi, wakamfunga Fisi kanga kiunoni kama afungwavyo mchumba. Mmoja akajitwika kapu.

"Linakwenda wapi hilo?" akaruka Fisi.

"Kwa mama mkwe. Si umesema mwenyewe?"

Mama Nungunungu akasimama, akajitengeneza kitambaa. "Kumbe! Mimi nakuona unanitazama, nadhani unanipima kwa kitoweo. Njoo, mume wangu." Akafungua mikono, na miiba yote ikasimama kwa furaha, chwaaa!

Fisi akamgeukia Kobe. "Mchungaji, kukumbatiana si dhambi?"

Kobe akafikiri polepole, kama ilivyo kawaida yake. "Busu, hapana. Kumbatio, baada ya posa, naruhusu."

Mwiba wa kwanza ukagusa pua.

"Si mimi!" akalia Fisi. "Si mimi niliyeandika! Ni Kindi! Hii, na ya juzi, na zote! Mimi hata huo upweke siujui!"

Mama mmoja akauliza, taratibu kabisa, "Na makapu yetu?"

Fisi hakungoja. Akaruka dirishani, pu! na kanga yake kiunoni. Ndiyo maana mpaka leo anatembea kiuno chini: anaificha.

Wakalimwaga lile kapu, wakalifudikiza mimbarini, Kindi akapanda juu yake, akaonekana mzima. Kichwa cha mbuzi wakala kina mama. Karanga zote zikawa za mwenye hadithi.

"Na mimi je?" akauliza Mama Nungunungu. "Nimekwisha kualika watu moyoni."

"Nitakuandikia mwingine, mama."

"Awe na nyumba."

"Atakuwa nayo."

"Na huyo Kobe asinitolee busu langu."

Hadithi imerudi shimoni mwake. Anayeitaka atie mkono mwenyewe, mimi vidole vyangu navipenda.

Funzo mnalitaka? Haya. Watoto wazuri hawaibi hadithi za watu. Na mkiiba, isomeni kwanza mpaka mwisho.