Koti Juu ya Swichi

Sogeeni karibu. Kisa hiki nimekigeuza huku na huku kikanishinda, sasa nawatwika ninyi.

Katika chumba cha dobi cha hoteli moja mjini Tanga walikuwako watu watatu. Mwantumu alikuwa mzito wa kushika mambo. Jambo lilichukua wiki kumwingia, lakini likishaingia hata umtishe halitoki. Shekue alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na viganja vyake vilijua yasiyofika masikioni: akiigusa mashine tu, anajua kama imemaliza kukamua.

Wa tatu, Bi. Mwanamkasi, alitembea kwa magongo, na kazi yake ilikuwa kuwazoesha kazi watu wenye ulemavu hadi waweze kusimama wenyewe. Miezi miwili alikaa na Mwantumu mbele ya mashine kubwa ya kufulia, akimkatia kazi vipande vipande. Nguo chafu yoyote uionayo, kapuni. Jaza. Funga. Gonga ubavuni mara tatu, sikiliza, ndipo uwashe. Huko kugonga alikuzua mwenyewe, maana paka wa hoteli walipenda kulala nyuma ya mashine, penye mkanda wa kuizungusha.

"Na ukichanganyikiwa, mwanangu, anza upya," alimwambia.

Ikafika siku ya Mwantumu kufanya kazi peke yake. Ajira ya kudumu ilikuwa nafasi moja tu, yeye na Shekue wote wako kwenye majaribio, na Bi. Mwanamkasi naye mradi wake ulikuwa unafungwa mwezi ule ule, abaki bila kazi.

Asubuhi hiyo, Mwantumu hajaingia bado, fundi Mhina alijipenyeza nyuma ya mashine kurekebisha mkanda, akatundika koti lake juu ya swichi. Ndiyo desturi ya mafundi wa pale: koti likining'inia, mtu yumo, usiwashe. Mwantumu hakuna aliyewahi kumweleza. Aliona koti limejaa mafuta, akalitia kapuni kama alivyofundishwa.

Akajaza mashuka, akafunga mlango. Msimamizi, Bwana Kiango, akaingia anafoka.

"Wageni hawana mashuka! Washa!"

Mwantumu akagonga mara tatu. Mashine nyingine zilinguruma, hakusikia kitu.

"Unabisha hodi kwa nani? Washa, au urudi kwenu!"

Aliogopa kufukuzwa kuliko alivyowahi kuogopa kitu maishani. Lakini alikuwa amechanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa huanza upya. Akafungua mlango, akaufunga, akagonga tena, machozi yakimtoka.

Shekue alikuwa akipiga pasi kando. Alimwona anagonga tena huku analia, akaja, akaweka kiganja ubavuni mwa mashine. Kitu kilikuwa kinagonga kutoka ndani, na mashine haijawashwa! Kidole cha Mwantumu kilikuwa tayari juu ya swichi. Shekue akamdaka mkono, akamvuta nyuma kwa nguvu hadi wote wawili wakaanguka sakafuni.

Mhina akatoka nyuma ya mashine, uso umempauka, spana mkononi. Mkono wake mmoja ulikuwa umezama ndani ya mkanda, na kwa ule mwingine alikuwa akijibu kugonga kwa spana. Alikuwa amepiga kelele hadi sauti ikamkauka, asisikike.

"Nani kaondoa koti langu?"

Mwantumu angeweza kunyamaza, nani angemjua? Lakini akasema, "Mimi, baba. Lilikuwa chafu."

Meneja akaja, Bi. Mwanamkasi akaitwa. Kiango akasema msichana huyu ni hatari, karibu aue mtu. Shekue akaeleza kwa ishara, Bi. Mwanamkasi akitafsiri: bila kugonga kwa Mwantumu, asingeusogelea ubavu ule. Na Bi. Mwanamkasi akasema la kwake: "Agizo la kutia kila nguo chafu kapuni ni langu. Na kugonga ni kwangu, ila niliwaza paka, sikuwaza mtu."

Meneja akamgeukia Mhina. "Mkono uliopona ni wako. Nafasi ni moja, na yeyote kati ya hawa watatu anaweza kuishika. Taja jina."

Mhina akawatazama mmoja mmoja. Mwantumu akafumba macho.

Haya, wenzangu. Yuko aliyebuni kugonga, yuko aliyegonga huku akitukanwa, yuko aliyehisi jibu. Mkono ni wenu sasa: mngetaja jina la nani?