Nafasi Moja ya Chuo cha Mifugo

Naungama kwanza, Mungu anirehemu: binti yangu aliposema anataka kuwa fundi umeme, nilimcheka mbele ya wageni. Hakulisema tena. Kwa hiyo hukumu ya hadithi hii sijiamini nayo; naileta kwenu.

Hapo zamani, katika kijiji kimoja cha Rungwe, usharika ulipata nafasi moja ya chuo cha mifugo. Vijana waliomaliza kidato cha nne wakaambiwa waandike wanachotaka kusomea. Wavulana wakaandika mifugo, hata wasiojua kukamua. Wasichana wakaandika ushonaji, isipokuwa Gwantwa, aliyeandika mifugo.

Msichana mwenzake, Tupokigwe, aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukampaa. Tangu utotoni ndiye aliyezalisha mbuzi wa bibi yake. Lakini aliwasikia wavulana wakimwambia Gwantwa, "Dada daktari, utaolewa na ng'ombe?" Naye akaandika ushonaji.

Kabla ya Jumapili ya kuchagua, ng'ombe wa mchungaji wa kanisa akashindwa kuzaa. Akaitwa Ambwene, mvulana aliyeongoza darasa kwa biolojia. Akapapasa, akasema, "Mguu wa ndama umekunjika nyuma. Arudishwe ndani, mguu unyooshwe, ndipo avutwe." Akajaribu. Mkono wake mnene ukakwama.

"Mwenye mkono namjua," akasema Gwantwa. Akakimbia hadi penye cherehani, akamshika Tupokigwe kiwiko. "Inuka, mwenzangu. Utashona baadaye."

Tupokigwe akanawa kwa sabuni hadi begani, akaingiza mkono. Ambwene akaelekeza, "Sukuma kwanza. Sasa funika kwato kwa kiganja, usimchane mama yake." Ndama akatoka, akapiga chafya.

Jumapili mchungaji akauliza nafasi apewe nani.

Ambwene akasema, "Tatizo nililijua mimi. Bila mimi wangevuta tu, na ndama angekufa. Na nafasi niliiomba."

Gwantwa akasema, "Mimi niliomba huku nachekwa. Bila mimi, mwenye mkono angekuwa anashona pindo. Alama zangu ni ndogo, nakiri, lakini zinafikia kiwango cha chuo."

Tupokigwe akasimama. Safari hii hakuogopa kuchekwa. "Mimi sikuomba, na hilo ni kosa langu. Lakini ndama yu hai kwa mkono huu. Naomba sasa."

"Umechelewa, dada," akasema Ambwene kwa upole.

"Jina halijaandikwa, kaka."

Mchungaji akashika kalamu, asiandike jina.

Haya, wenzangu. Mwenye elimu, mwenye ujasiri, mwenye mkono: je, nani alistahili? Tafadhali, nitajieni jina moja, na mniambie kwa nini.