Farasi Ishirini Waliofichwa

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, ni zamani za juzijuzi tu, palikuwa na kijiji kiitwacho Itondolo. Watu walikaa mlimani, chemchemi ilikaa bondeni. Wanawake wakashuka, wakapanda, wakashuka, wakapanda, mpaka kijiji kilipochanga kikanunua injini ya lori kuukuu ili isukume maji juu.

Injini ikapelekwa kwa Tunsume. Huyu alikuwa fundi, mama wa miaka hamsini na minane, magoti yamekwisha kwa kupigia magoti mashine za watu. Akaifungua, akaigonga bloku, ule mwili wa chuma wa injini, kwa nyundo ndogo huku akisikiliza, akapima kuta za silinda. Ilikuwa vilevile ilivyotoka kiwandani, haijaguswa na mtu. Akajua moyoni: hii itabeba nguvu ya farasi mia na ishirini, asizidi hata mmoja.

Lakini ubavuni mwake akaandika kwa chaki: MIA.

Kwa nini? Alikuwa amechoka. Kijiji kilichotangulia aliwaambia namba ya kweli. Wakaitumia yote, wakaongeza na yao, bloku ikapasuka, lawama akabeba yeye. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Toka siku hiyo alificha farasi ishirini kila kazi, kama mama anavyoficha kibaba cha unga watoto wasikimalize.

Akaja Ambakisye, fundi wa pampu ya dizeli, yule anayepima mafuta ya kuingia kwenye injini. Akaona chaki, akacheka.

"Mama Tunsume namjua. Mafundi wote tunaficha. Hata mimi naficha."

Tena watu wa Kilele, kitongoji cha juu kabisa, walikuwa wamemsihi maji yawafikie. Basi akazungusha skrubu ya mafuta, injini ikatoa mia na kumi na tano. Akamwambia mwendeshaji, "Hapa ndipo mwisho wake. Usiguse."

Mwendeshaji aliitwa Sekela. Yeye ndiye aliyeiwasha kila asubuhi. Maji yakapanda kweli, lakini bomba la Kilele likawa linadondosha tone, tone, tone. Na mama yake Sekela, asiyeona, alikaa Kilele, akishinda bombani kungoja ndoo moja ijae. Sekela akawaza: Kaka Ambakisye naye si fundi? Fundi akisema mwisho, si mwisho. Akaizungusha skrubu robo mzunguko. Farasi kumi na tano wengine. Mia na thelathini.

Siku kumi na moja maji yakafoka Kilele. Watu wakaoga, wakafua mablanketi, wakanywesha hata ng'ombe wa wageni. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Siku ya kumi na mbili injini ikakohoa, ikanyamaza.

Tunsume akaitwa. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakuta oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Maji ya kupozea injini yameingia ndani. Bloku imepasuka, na nyingine haitafika kabla ya miezi miwili. Akaketi juu ya jiwe. Alitaka kulia, hata nguvu ya kulia akaikosa.

Sasa, Itondolo wana desturi yao: avunjaye cha wote huteka maji wa mwisho mpaka kitengenezwe. Na chemchemi ile ni nyembamba. Wa mwisho hukuta tope, hungoja lijichuje hadi jua la utosi, ndipo apande mlima na ndoo yake.

Mwenyekiti Lwitiko akawakusanya. "Haya, semeni. Nani atateka wa mwisho?"

Tunsume akasema, "Namba yangu ingetiiwa, mashine ingekuwa inanguruma sasa hivi. Nilificha farasi ishirini ili niilinde."

Ambakisye akasema, "Mimi niliiacha ndani ya uwezo wake, Mama mwenyewe anajua. Na nani alinifundisha kwamba namba ya fundi si namba, kama si mafundi wanaoficha?"

Sekela akasema, "Shikamooni wakubwa zangu. Kaka angeishia mia, robo yangu ingefika mia na kumi na tano, na mashine ingekuwa nzima. Nilimpa mama yangu maji. Nanyi mliooga Kilele siku kumi na moja, mbona hamjasimama hapa nami?"

Watu wa Kilele wakatazama vidole vya miguu yao.

Tunsume akamgeukia Ambakisye, akamuuliza polepole, "Mwanangu, ningeandika mia na ishirini, ungeishia hapo?"

Ambakisye akajibu, "Sijui, Mama."

"Ndiyo maana naficha," akasema Tunsume, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote.

Lwitiko akashindwa kuamua. Kesho yake asubuhi Tunsume akashuka bondeni, magoti yakimlilia kila hatua. Akawakuta Ambakisye na Sekela kando ya foleni, kila mmoja na ndoo yake. Hakuna aliyetaka kuingia mbele, hakuna aliyetaka kubaki nyuma. Foleni ikasonga, ikafupika, ikaisha. Wakabaki wao watatu na maji ya kutosha ndoo mbili.

Nanyi mnaonisikiliza mmeshakunywa, makoo hayajakauka, basi msininyamazie. Je, ndoo ya nani ikae mwisho? Na atakayesema ni ya Tunsume anijibu na hili: bloku mpya ikija, mama huyu aandike namba gani?