Bi Pimbi Amsalimia Fundi

Hapo zamani za kale, simu zilipokuwa zimeshafika msituni lakini akili ya kuzipokea bado iko njiani, palikuwa na Mzee Kiboko. Mwili jabali, moyo uji.

Siku moja simu yake ikalia, ngriii! Sauti nyororo ikajitambulisha kuwa ni fundi kutoka makao makuu ya kompyuta zote duniani, ikasema kompyuta ya mzee imeingiwa na wadudu. Kiboko akaiwahi kompyuta. Akaambiwa abonyeze hapa, akabonyeza. Aandike vile, akaandika. Mara kompyuta ikajifunga ndi! Fundi akacheka kicheko kile mnachokijua, na hapo ndipo Kiboko alipotambua kuwa alikuwa akiongea na Fisi. Akaambiwa akitaka ifunguliwe, apeleke mapaja manane ya nyama kichakani. Sasa niambieni, mla majani atayatoa wapi?

Na ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya marehemu mkewe akimwimbia binti yao. Ndiyo pekee iliyobaki. Jumamosi binti anaolewa, na Kiboko alikwisha kumwahidi kwamba mama yake atasikika arusini.

Akaenda kulia kwa jirani yake, Bi Pimbi, ambaye hata kapu la dagaa hajazi. Bi Pimbi alikuwa akipiga pasi. Akaiweka pasi kando, akavaa miwani, akaenda kuitazama kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na maneno: "Umesahau neno la siri? Jibu swali hili, ufunguliwe. Bibi yako mzaa mama anaitwa nani?" Kumbe Fisi, mwenye kufuli, aliogopa asije akalisahau neno hilo mwenyewe, akaweka swali la bibi yake.

Bi Pimbi akamwambia mzee afute machozi. Fisi alikuwa akipigia nyumba moja baada ya nyingine, na nyumba iliyofuata ilikuwa ya Bi Pimbi.

Kesho yake asubuhi, ngriii!

"Shikamoo, bibi. Mimi ni fundi kutoka makao makuu. Kompyuta yako ina hatari kubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kijijini kwao asiyemaliza salamu hukatiwa simu, hata kama anataka kukwambia nyumba yako inaungua. Fisi alilijua hilo, akajibu. Akaulizwa mke, watoto, mifugo, mvua za kwao, mpaka mguu wa mjomba wake uliokuwa ukiuma. Bi Pimbi hakuwa na haraka. Nguo za kupiga pasi zilikuwa nyingi.

"Na mama mzazi?"

"Mzima, bibi. Sasa, hiyo kompyuta..."

"Na bibi yako mzaa mama?"

"Alishafariki zamani."

"Pole sana. Nitajie jina nimwombee. Siwezi kuanza kazi na mjukuu wake kabla sijamwombea."

"Chausiku," Fisi akasema, roho juu kwa tamaa. "Anaitwa Chausiku. Omba haraka, wadudu wanazidi."

Kiboko alikuwa amesimama dirishani kwa Bi Pimbi, akisikiliza. Kusikia jina, akatimka kwenda kwake, ardhi ikitikisika di-di-di. Bi Pimbi akamwombea marehemu kwa dhati, polepole, maana bibi wa watu hakuwa na kosa. Kisha akasema yuko tayari. Fisi akamwamuru awashe.

"Nimewasha, mwanangu."

"Unaona nini?"

"Naona moshi."

Katika kazi yake yote Fisi hakuwahi kukutana na moshi. Akauliza unatokea wapi, akaambiwa unatokea matunduni. Akauliza matundu gani.

Hapo ng'ambo ya ua sauti ya mama ikapanda, inaimba, na kilio cha Kiboko kikaifuata. Bi Pimbi naye machozi yakamtoka, akayafutia kwenye shati alilokuwa akilinyoosha.

"Kompyuta sina, mwanangu," akasema. "Nina pasi ya mkaa tu. Asante kwa kupiga, na wasalimie nyumbani."

Mimi naishia hapo, wanangu, nanyi shikeni hili: anayekupigia kukuondolea tatizo usilokuwa nalo, tatizo ni yeye.