Nyuki Waliofundisha Kikundi cha Sifa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa viatu siku ya Jumapili, palikuwa na kanisa dogo la udongo lenye paa la bati, chini ya mawe makubwa. Ndani ya kanisa hilo palikuwa na kelele.

Nasema kelele. Sisemi nyimbo. Tulieni niwaeleze.

Kikundi cha sifa kilikuwa na watu watatu tu. Kiboko, aliyejiita Mwalimu, alikuwa na sauti ya nne, ile nzito ya chini. Punda ndiye aliyeanzisha mapambio. Fisi alipiga ngoma. Na kila mmoja wao aliamini kabisa kwamba watu wanakuja kanisani kumsikia yeye.

Basi Jumapili ikifika, Punda anaanzisha pambio juu, juu mno, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kumfuata. "Hiiii-hooo! Hiiii-hooo!"

Kiboko akiona amefunikwa, anafungua kinywa chote. "BUUUUUM!"

Fisi akiona ngoma yake haisikiki, anaivamia kama mtu anayeua nyoka. Pu! Pu! Pa! Pu!

Punda akisikia hivyo, anapanda tena. Ibada ikiisha, waumini wanasalimiana kwa ishara.

"Leo Roho ameshuka!" Kiboko husema, akijifuta jasho.

"Ameshuka hasa," hujibu Punda. "Hamkuona bati lilivyotikisika?"

Aliyefagia kanisa hilo alikuwa Mama Pimbi. Pimbi mnamjua, mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kidogo, hana mkia. Huyu alikuwa na watoto wengi kuliko mashimo ya kuwalaza. Alifagia, alichota maji, alifua majoho ya kikundi, na joho la Kiboko peke yake lilimaliza sabuni ya wiki. Huku akifagia, aliona viti vinavyozidi kubaki vitupu.

Kobe alikuwa akiingiza kichwa ndani ya gamba tangu pambio la kwanza na kukitoa wakati wa baraka. Mwisho akaacha kuja. Swala naye haonekani. Kanga, aliyekuwa amelalia mayai, alimwambia Mama Pimbi waziwazi, "Dada, mayai yangu yalicheza kwenye kiota mpaka nikayakumbatia kwa mbawa zote mbili. Nitasali nyumbani."

Ndipo ukaja ujumbe kutoka kwa Askofu Twiga. Atatembelea Jumapili ya mavuno. Akikuta kanisa halina watu, atalifunga, na waliobaki watakwenda kusali kanisa la ng'ambo ya mto.

Mama Pimbi aliposikia hayo, fagio lilimtoka mkononi. Ng'ambo ya mto! Kiboko atavuka huku anaoga. Punda na Fisi wataruka mawe ya kivukoni. Lakini watoto wake, wenye miguu mifupi kama vidole vya tangawizi? Na pale kivukoni aliishi Mamba, ambaye hakuwa mshirika wa kanisa lolote.

Siku ya mazoezi akawaendea kanisani. Aliwakuta wameketi wanafanya mazoezi, maana yake wanagombana.

"Hodi, Mwalimu. Ndugu zangu, Bwana asifiwe."

"Amina. Sema haraka, tuna kazi."

"Nimekuja kuwaomba mpunguze sauti. Watu wanakimbia."

Fisi akacheka, na mnajua Fisi anavyocheka. "He-he-heee! Mama Pimbi naye ni mwanamuziki siku hizi!"

"Punguza?" akasema Punda, masikio yamesimama. "Nikipunguza mimi, nani atasikia pambio? Mwambie Kiboko apunguze."

"Mimi?" akanguruma Kiboko. "Mimi ndiye nguzo! Sauti ya nne ikipungua nyumba inaanguka. Mwambie Fisi."

"Ngoma haina kupunguza," akasema Fisi. "Ngoma ni kupiga au kuacha."

"Basi acha," akasema Punda.

"Acha wewe!"

"Mama Pimbi," akasema Kiboko, "umeona ulivyoleta fujo? Nenda ukafagie. Na kola ya joho langu hukuisugua vizuri."

Mama Pimbi akatoka. Hakulia. Angelia saa ngapi, na kuni bado hazijakatwa? Alipofika nyumbani aliwakuta watoto wanagombania ganda la boga, wote wanapiga kelele kwa pamoja. Akawatazama kwa muda mrefu.

"Nyamazeni," akasema. "Hebu kila mmoja afunge mdomo, aseme zzzz."

"Zzzz," wakasema watoto.

"Wote pamoja."

"ZZZZZZZZZ!"

Mama Pimbi akakaa chini akiwa ameshika kiuno. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka.

Juma lililofuata, kikundi kilipofika mazoezini kilimkuta Mama Pimbi mlangoni, mikono imejaa udongo.

"Simameni hapohapo! Nimesiriba sakafu kwa ajili ya Askofu. Mkiingia na miguu hiyo kabla haijakauka, mtaisiriba tena nyinyi wenyewe."

Wakarudi nyuma. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusiriba kitu.

"Sasa tutaimba wapi?" akauliza Kiboko.

"Pale nyuma, penye mawe. Pana kivuli kizuri. Ila kuna nyuki."

"Nyuki!" Fisi akaweka ngoma chini.

"Wapole tu, ndugu yangu. Wamezoea nyimbo. Sauti zikienda sawa, wanalala. Ila akitokea mmoja anayewazidi wenzake, loo, wanamfuata huyohuyo."

"Mimi ngozi yangu nene," akasema Kiboko. "Nyuki hanifanyi kitu."

"Ngozi ni nene, Mwalimu, nani asiyejua? Lakini pua hizo mbili, zina ngozi?"

Kiboko akazifunga pua zake, akazifungua polepole. Punda naye akayakunja masikio yake marefu, akayalaza kichwani.

Wakaenda penye mawe. Watoto wa pimbi walikuwa tayari ndani ya nyufa, huku na huku, juu na chini. Mama yao alikuwa amewaahidi viazi vitamu, na zaidi ya hapo amewaahidi kichapo.

Punda akakohoa, akaanzisha. "Hiiii—"

"ZZZZZZ!" ikatoka kwenye ufa ulio karibu na sikio lake.

"Hii," akamalizia Punda kwa sauti ya chini, macho yamemtoka.

Kiboko akaingia. "BUUU—"

"ZZZZZZZZZ!" Akaziba pua zote mbili, kidogo akose pumzi.

Fisi akainua fimbo ya ngoma, akasikiliza, akaishusha kwa ncha. Pu. Akangoja. Kimya. Pu, pu.

"Umeanzisha juu mno," akanong'ona Kiboko.

"Nong'ona vizuri, utatuua!" akanong'ona Fisi.

"Nimeanzisha pale ninapoanzishaga siku zote," akanong'ona Punda.

"Ndiyo nasema, siku zote ni juu mno. Shuka!"

Punda akashuka. Wakaimba ubeti wa kwanza kwa sauti za watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala. Nyuki wakakaa kimya. Wakaingia ubeti wa pili, na katikati Kiboko akanyoosha mkono.

"Ngoja. Punda, umesema nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo. Sisi tunaimba 'umenivusha bonde la giza.' Wewe umeimba nini?"

Punda akajikuna. "Mimi naimba 'umenishushia mzigo wa mahindi.'"

"Mahindi!"

"ZZZZ!"

"Mahindi?" akarudia Kiboko kwa kunong'ona. "Miaka yote hii tuko madhabahuni, wewe unaimba mahindi?"

"Kwani wewe hukunisikia?"

Kiboko hakuwa amemsikia. Hakuna aliyewahi kumsikia mwenzake tangu kikundi kianzishwe.

Nyuma ya jiwe, Mama Pimbi aliuma pindo la leso yake ili asipige kelele. Mahindi! Na yeye anafua majoho ya watu hawa!

Tangu hapo wakafanya mazoezi kweli. Punda akajifunza maneno. Fisi akagundua kwamba ngoma inaweza kupigwa kwa kiganja. Na ile sauti ya Kiboko, ilipoacha kugombana na watu, ikawa kama ardhi yenyewe inaimba chini yao. Mama Pimbi akapita nyumba kwa nyumba.

"Siji," akasema Kobe kutoka ndani ya gamba.

"Kaa karibu na mlango. Ukiona vibaya, ondoka."

"Mimi niondoke? Nitafika nje ibada imekwisha!"

"Njoo hivyohivyo, baba. Sina nguvu za kukubembeleza."

Jumapili ya mavuno wakaja, kila mmoja akikaa pembeni, tayari kukimbia. Askofu Twiga hakuweza kuingia, kwa hiyo alisimama nje akapitisha kichwa dirishani. Watoto wa pimbi walikaa chini ya viti, safi, wamepakwa mafuta, na kila mmoja ameonywa mara yake.

Punda akaanzisha, chini, pazuri. Kiboko akapokea. Fisi akaweka kiganja juu ya ngoma. Kobe akatoa kichwa nusu, halafu chote. Swala akaanza kutikisa mguu.

Lakini Kiboko alimwona Askofu dirishani anafumba macho kwa raha, na moyo ukamjaa. Akasema moyoni, huyu bado hajanisikia mimi. Akavuta pumzi. Tumbo likapanda. Kinywa kikaanza kufunguka, kikubwa, kama mlango wa ghala. Kanga alikwisha kusimama.

"Zzzzzzz," ikatoka chini ya kiti cha mbele.

Pua za Kiboko zikajifunga zenyewe. Pap! Ile pumzi ikamtoka kidogokidogo, laini, ubeti mzima. Na katika nafasi iliyobaki, waumini wakaanza kuimba. Kanga akaimba sauti ya kwanza. Kobe, mzee yule, akaimba ya tatu. Kumbe walizijua nyimbo zote, ila hawakuwahi kupata pa kuziweka.

Pambio lilipokwisha, Askofu Twiga alifumbua macho.

"Nilikuja na kufuli," akasema. "Nitarudi nalo. Kanisa hili lina watu."

Mama Pimbi akakaa kwenye kiti. Kiti cha mbele kabisa, ambacho hakuwahi kukikalia kwa sababu kila mara alikuwa anakifuta.

Baada ya ibada, watu wakiwa wanapeana mikono nje, mtoto mdogo wa pimbi aitwaye Tumsifu akasimama mbele ya Kiboko akiwa na kipande cha kiazi kitamu mdomoni.

"Zzzzz," akasema Tumsifu, anatabasamu. "Mwalimu, nilifanya vizuri?"

Kiboko akamtazama mtoto. Akatazama kiazi. Akageuka polepole, kama nyumba inayogeuka.

"Mama Pimbi."

"Abee, Mwalimu."

"Nyuki wako wana meno."

"Wana meno, na wanakula kuliko nyuki."

"Umetudanganya! Kanisani!"

"Hapana, Mwalimu. Nimewadanganya kule nyuma, penye mawe. Kanisani niliwaambia ukweli, mkanituma nikafagie."

Punda akakasirika. Fisi akakasirika zaidi. "Tumenong'ona wiki nzima kwa sababu ya watoto!" akafoka. "Jumapili ijayo nitaipiga ngoma hii mpaka ipasuke! Naipiga sasa hivi!" Akainua fimbo.

Wakati huo Kobe alikuwa amefika, taratibu. Akampa Kiboko mkono. "Mwalimu, leo nimesikia maneno ya wimbo. Sikujua una sauti nzuri namna hiyo. Jumapili nitakuja tena, nitaanza safari Ijumaa."

Kiboko alisifiwa mara nyingi maishani, lakini mara zote alikuwa amejisifu mwenyewe. Akageuka akamwona Fisi, fimbo iko juu, tayari kuivunja ngoma.

Akamsogelea karibu na sikio.

"Zzzzzz," akasema Kiboko.

Basi, wanangu, anayetaka kuimba na wenzake, kwanza awasikie.